Ua Lililosusa Nyuma ya Tangi

Jumamosi, 4 Machi

Mimi ndiye mtu pekee katika mtaa huu anayeujua mmea huu. Jina lake, tabia zake, ukoo wake mpaka babu yake wa saba.

Haya. Uongo. Siujui hata kidogo. Nimeanza kudanganya mpaka humu, ambamo hakuna anayesoma ila mimi, na mimi mwenyewe miwani yangu imebaki kioo kimoja.

Ilikuwa hivi. Mchana, sahani bado ziko mezani, mkwe wangu akakohoa. Akikohoa vile jua kuna tangazo. Mkwe ni mwalimu wa udereva. Mimi humwita Bwana Rivasi — kimoyomoyo, maana mkwe ni mkwe. Akasema amefikiria sana, uwanja wa nyuma umwagiwe zege. Mvua zikianza gari linateleza, matope yanaingia mpaka sebuleni. Wote? nikauliza. Wote, baba, mpaka ukutani.

Mpaka ukutani! Yaani pamoja na kile kipande kati ya tangi la maji na dirisha langu. Kina ukubwa wa mlango uliolazwa chini, hakizidi. Hakina kitu. Lakini ndipo mahali pekee katika nyumba hii ambapo hakuna anayeingia ila mimi. Chumba changu kilikuwa stoo, na mpaka leo watu wanaingia kutafuta ndoo. Hodi hawapigi. Stoo hupigiwa hodi?

Nikasema — mdomo huu! — haiwezekani, pale nimeshapangia kupanda ua adimu. Ua gani? La porini, linatafutwa na wataalamu. Linaitwaje? Nikasema lina majina mengi.

Binti yangu alinitazama vile alivyokuwa akinitazama marehemu mama yake. Kisha akakata shauri, maana dereva wa nyumba hii ni yeye, sisi wengine abiria. Baba apande ua lake. Likichanua kabla mvua hazijaisha, kipande ni chake, hakuna atakayekigusa. Lisipochanua, zege. Bwana Rivasi akatikisa kichwa kama mwanafunzi wake kagonga koni.

Kwa hiyo sasa natakiwa niwe na ua adimu. Nimeshuka kule tingatinga linakokata kilima wapanue barabara. Nimechimbua kitu cha kwanza nilichokiona chenye mzizi, kwa kijiko cha binti yangu. Kijiko kimepinda. Dereva wa tingatinga alizima injini akauliza, mzee, umepoteza nini? Nikamwambia meno. Akashuka kunisaidia kutafuta, maskini ya Mungu.

Jumapili, 5 Machi

Nimepanda. Udongo gani huu! Vifuniko vya soda, kandambili ya mguu wa kushoto, vigae. Aliyejenga nyumba hii alizika ushahidi wote hapa.

Mmea wenyewe hauna adabu. Majani yamejilaza chini, yamejipanga duara, yana manyoya. Kama kitu kilichokanyagwa na ng'ombe kikasamehe. Bwana Rivasi alikuja kukagua, mikono nyuma.

"Baba, ndilo hilo?"

"Ndilo."

"Mbona limelala?"

"Limechoka na safari."

Alhamisi, 9 Machi

Hakuna kitu. Nimemwagia maji, nimeliimbia, nimelitukana. Kimya. Nimewahi kuwa na mwanafunzi wa cherehani wa namna hii.

Jumanne, 28 Machi

Limeota! Mvua zimeanza, na pembeni ya yale majani bapa kumesimama shina — wima, kijani, lina haraka. Sasa nimeelewa. Yale majani yaliyolala ni takataka iliyokuja na udongo. Mmea wenyewe ndio huu! Nilitaka kuing'oa ile takataka, kiuno kikakataa, nimeiacha.

Kinyozi amekuja kuona. Huyu ni rafiki yangu tangu tuna nywele. Duka lake na langu yalitazamana mpaka macho yangu yalipoanza kukosa tundu la sindano, nikafunga nikahamia huku. Mpaka leo ananiita Sindano. Akauchunguza mmea kwa heshima zote, akachuma jani, akatafuna, akatema. Akasema ni dawa ya kiuno. Nikamuuliza umejuaje? Akasema kiuno kimemwambia. Mshenzi. Ila nimetafuna mawili, huwezi kujua.

Jumatano, 12 Aprili

LIMECHANUA! Katikati njano, pembeni petali nyeupe, dogo, safi, kama kola ya mtoto wa shule. Maua matatu! Na mvua bado zinamwagika!

Nimemwambia binti. Nimemwambia Bwana Rivasi. Nimemwambia na yule aliyekuja kusoma mita ya maji. Nimetangaza maonyesho Jumapili. Nimemwalika na mwalimu wa bayolojia, yule msichana aliyepanga nyumba ya jirani, aje kwa niaba ya sayansi.

Jumapili, 16 Aprili

Leo nilitamani nihamie ndani ya tangi.

Walikuja wote. Binti kavaa gauni la kutokea. Bwana Rivasi. Mwalimu na kikuza-macho chake, kioo kidogo cha kukuzia vitu, kinachoning'inia shingoni. Na Kinyozi, ambaye hakualikwa lakini ana pua. Nikatoa hotuba. Nikasema elimu ya darasani na elimu ya mtaani zipeane mikono leo. Nilipendeza, nasema kweli.

Mwalimu akainama. Hata hakukigusa kile kikuza-macho. Akanitazama kwa huruma — huruma ya vijana, hakuna kitu kichungu kama hicho.

"Babu," akasema polepole, "hiki si kishona nguo?"

Bwana Rivasi akacheka. Tangu amwoe binti yangu sijamwona akicheka. Ana meno mengi kuliko nilivyodhani. "Fundi cherehani kapanda kishona nguo!" Akashika tangi asianguke. Binti yangu akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio, mabega yanacheza.

Na ni kweli! Yale magugu yenye mbegu kama visindano, yanayokung'ang'ania suruali ukikatiza kiwanjani! Nimebandua visindano vile kwenye nguo za wateja maisha yangu yote. Lakini ua lake sikuwahi kulitazama. Nani hutazama sura ya mwizi, mkono wa mwizi ukiwa mfukoni mwake?

Kinyozi akasema alijua tangu siku ile. Mbona hukusema, we mzee? Akasema, "Ulikuwa na raha, Sindano. Nikaona nisikate stimu." Na dawa ya kiuno? Akauliza kama kimepona.

Nikawa natafuta pa kutokea. Lakini mwalimu hakuinuka. Alikisukuma kishona nguo pembeni, akawa anageuza yale majani bapa. Akauliza, na huu, babu, umeutoa wapi? Nikasema upi, hiyo takataka? Akanionyesha chini ya jani. Weupe mtupu, laini, umeshikana kama bitana ya koti. Mimi na bitana tunajuana. Bitana ile mtu kaishona kwa makusudi.

Sasa kikuza-macho kikatoka. Alikaa muda, pua inagusa udongo. Akasema huu nao ni wa jamii ya alizeti, ni ndugu na kishona nguo, ila kishona nguo huishi msimu mmoja kikafa, na huu ni wa kudumu. Majani huja na kuondoka, mzizi unakaa ardhini miaka na miaka. Anadhani ni binamu wa porini wa jebera, yale maua makubwa yanayouzwa dukani, wanayoshika maharusi. Lakini wako wanaofanana. Bila kuona ua hawezi kuapa.

"Ni adimu?" nikauliza.

"Mtaa huu sijauona mwingine. Na huko ulikoutoa wameshakata kilima chote."

Nikamgeukia Bwana Rivasi: umesikia? Akasema amesikia, sasa lichanue. Nikamgeukia mwalimu: litachanua lini? Akakuna kichwa. Akasema mmea huu ukihamishwa huwa unasusa. Unaweza kuchanua mwaka huu, unaweza kuchanua mwakani.

Mwakani!

Halafu, kana kwamba hajaniua vya kutosha, akaanza kufundisha. Ati maua ya jamii hii ukiona moja si moja. Kila petali ile nyeupe ya pembeni ni ua zima, na vile vidoti vya njano vya katikati kila kimoja ni ua, yamebanana kama watu kwenye picha ya ukoo. Nikaruka hapo hapo. Basi mimi nimetoa maua zaidi ya mia, nimeshinda! Bwana Rivasi akasema makubaliano yalikuwa ua adimu. Nikasema makubaliano yalikuwa lichanue. Akasema—

"Baba," akasema binti yangu. Neno moja tu.

Jumatatu, 17 Aprili

Nimeking'oa kishona nguo, nikakitupa kiwanjani kwa ndugu zake waliokwisha kutoa mbegu. Wamelipiza. Suruali, shati, soksi, mpaka ndani ya kofia. Nimekaa kitandani nabandua kisindano kimoja kimoja na kumtukana Kinyozi.

Takataka nimeiomba radhi. Haikujibu.

Ijumaa, 12 Mei

Kuna kifungo!

Katikati ya duara, chini kabisa, kinafichwa na manyoya. Kama kifungo cha mkono wa shati. Nilidhani jiwe. Nikapuliza. Jiwe halina manyoya. Nimemwita mwalimu kupitia ukutani, akaja na unga wa chaki mikononi. Akasema ndiyo babu, hilo ni tumba la ua. Akashangilia kuliko mimi. Kidogo.

Mvua zimeanza kuchoka. Zinanyesha siku, zinapumzika siku. Harakisha, mwanangu.

Jumatano, 24 Mei

Kikonyo kimepanda. Kiko uchi, hakina hata jani, kina manyoya tu kama mguu wa Kinyozi. Kichwani ndicho hicho kifungo, na leo nchani pametokea mstari mweupe. Mstari! Hata kwa kioo changu kimoja nauona.

Asubuhi binti alifungua mlango wangu. Nikasema ndoo iko nyuma ya kitanda. Akasema hatafuti ndoo. Kashika vikombe viwili vya chai. Tukakaa dirishani tunalitazama. Akauliza linanukia? Nikasema ngoja kwanza livae. Akacheka. Tulimaliza chai bila kugombana, jambo la kuandikwa.

Mchana upepo ukaanza kukiyumbisha. Roho ikawa juu. Nikachomeka kijiti, nikakifunga kikonyo kwa uzi wangu mzuri, ule wa kushonea vifungo vya makoti. Fundo langu lile lile. Halilegei. Watu walikuwa wanatoka mtaa wa tatu kwa ajili ya fundo lile.

Jumatatu, 29 Mei

Sina la kuandika.

Jumanne, 30 Mei

Haya, ninalo. Kikonyo kimekatika. Kilikuwa kinanenepa na fundo halikuwa na habari. Limekikaba shingo mpaka kikalala. Ua likiwa na mdomo nusu wazi, weupe ndani, wekundu kidogo nje, kama mtu aliyetaka kusema neno.

Ningefunga ovyo kama fundi yeyote wa barabarani, lingechanua leo. Lakini mimi — fundi! Fundo halilegei! Mjinga mkubwa.

Nimewaambia ni upepo.

Mwalimu alikuja, akaliokota lile ua, akalipasua kwa ukucha, akaangalia na kikuza-macho. Akasema sasa ana uhakika, ni jebera wa porini, na akataja jina la Kilatini refu kama foleni ya hospitali. Kisha akatazama kile kijiti. Uzi bado upo.

"Babu, upepo nao una uzi?"

Nikamwambia dunia imebadilika.

Ila hakuwaambia wengine. Huyo msichana ataolewa vizuri.

Mezani nilijitetea. Nikasema ua lilifunguka nusu, mwenye macho aliona, hata jina limepatikana. Bwana Rivasi akaweka kijiko chini, akasema kwa upole — upole wake ndio unaoniudhi — kwamba kwenye mtihani kuwasha injini si kuendesha. Nikamtazama binti. Alikuwa anahesabu maharage kwenye sahani yake.

Jumapili, 18 Juni

Mvua kwisha. Majani yanageuka rangi ya chai ya hospitali. Namwagilia, ndiyo kwanza yanakunjamana. Mwalimu anasema niache kumwagilia, nitaozesha mzizi. Nisimwagilie! Mmea unakufa, daktari anasema usiupe maji! Anasema haufi, unalala. Kiangazi hulala, mvua zikija huamka.

Kinyozi anasema na yeye ana shemeji wa hivyo.

Jumanne, 11 Julai

Hakuna jani hata moja. Ukipita huoni kitu, ni vumbi na kijiti. Nimekiacha kijiti nijue pa kutokanyaga.

Bwana Rivasi kakohoa tena mezani. Akasema baba, mimi nimesubiri. Kweli kasubiri, siwezi kumsingizia. Akasema mmea umekufa, fundi amepatikana, kesho vifaa vinaletwa. Nikasema haujafa. Akasema baba, hauko. Nikasema wewe ukilala hauko?

Nikawatoa nje wote wawili. Nikapiga magoti — shughuli hiyo! — nikafukua kwa vidole, taratibu, mpaka nikaupata mzizi, mnene kama kidole cha mwisho. Nikaukwaruza kidogo kwa ncha ya sindano. Ndani mweupe. Umelowa. Katika vumbi lile kavu, umelowa! Nikamwambia shika. Bwana Rivasi akachuchumaa na suruali yake ya kazi, akagusa. Akagusa tena, nikadhani nimempata. Kisha akajipangusa kidole.

"Mzizi si ua, baba."

Nikamtazama binti yangu. Hakutaka kunitazama. Akasema, "Tulikubaliana, baba. Wewe mwenyewe ulikubali." Akasema nitapata baraza safi, nitaweka kiti changu, sitateleza tena. Yote kweli. Hakuna kitu kinachochosha kama mwanao akiwa sahihi.

Mwalimu amesema nikitaka tuuhamishie kwenye kopo. Nikamuuliza ukihamishwa mara ya pili? Akasema sijui, babu. Mzizi umeshakwenda chini sana, lazima tuukate. Nikasema basi.

Nimeufukia. Nimeupigapiga udongo na kiganja kama mtoto anayekataa kulala.

Jumatano, 12 Julai

Mifuko ya saruji imepangwa chini ya dirisha langu. Mchanga mlima mzima, kokoto mlima mzima. Gari la Bwana Rivasi limelala barabarani, naye anatoka kila mara kulitazama kama lina homa.

Nimeingia kwenye kile kipande nikakaa na kiti changu, kwa hasira tu. Hakuna aliyenitoa. Hiyo nayo iliniudhi.

Alhamisi, 13 Julai

Wameanza tangu asubuhi. Koleo zinakwaruza mpaka kwenye meno. Wamemwaga upande wa geti, wanakuja huku. Bwana Rivasi alisimamia na futi kamba mpaka simu ikamwita kazini, kuna mwanafunzi kapanda ukingo. Kabla ya kuondoka akamwelekeza fundi kwa kidole: mpaka ukutani, asiache hata upenyo. Binti yuko jikoni. Kafungulia redio kwa sauti kubwa. Huwa hafungulii redio asubuhi.

Nilikuwa hapa kitandani naandika matusi. Nikainua macho dirishani nimpige jicho huyo fundi wa zege — na ninamjua! Kanenepa, ndevu zimeingia mvi, lakini ule mwendo naujua. Huyu aliingia dukani kwangu mbio asubuhi ya harusi yake, suruali imepasuka nyuma kutoka mkanda mpaka goti, wapambe wanapiga honi nje. Nilimshonea akiwa amesimama juu ya kiti changu, anatetemeka. Nikashona mara mbili, kwa fundo langu. Sikutaka kitu kwake. Akaniambia, mzee, siku yoyote, lolote, niite.

Sikuwahi kumwita. Nilikuwa nimemsahau.

Wamefika kwenye tangi. Wasaidizi wake wamekwenda kuleta maji. Yeye kabaki peke yake, mwiko wa kulainishia zege mkononi, anakitazama kijiti changu. Kakishika akitoe.

Nimegonga kioo. Kaniona. Kanijua! Anacheka, anakuja dirishani, anajifuta mikono makalioni — pale pale niliposhona.

Fundi, mwanangu, shikamoo hiyo tutamalizia baadaye, sikiliza kabla mkwe wangu hajarudi. Ile suruali sidai. Nataka tundu tu. Hapo penye kijiti, upana wa sahani, zege lizunguke. Funika kwa karai, akikuuliza mwambie panakauka vibaya. Tundu moja, fundi. Utaniachia?